Aliyetoa pesa, aliyeandikwa BRELA na anayekalia ofisi: kampuni ni ya nani?

#1 Mleta uzi (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Desemba inakuja. Watu watapanda Rombo, Marangu, Machame na Kibosho. Vikao vya ukoo vitakaa, ndafu italiwa, na mbege ikiwa inazunguka mzee mmoja atasema ile kampuni ya mjini igawanywe hivi na hivi. Wote wataitikia. Mwaka mpya ukiingia kila mtu anarudi Dar, Mwanza au Nairobi alikotoka, na hakuna karatasi hata moja iliyosainiwa. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za makampuni, Moshi na Arusha. Nawaambia kwa uchungu kwamba migogoro ya hisa inayofika mezani kwangu, karibu yote ilianzia kwa watu waliopendana na kuaminiana. Ndiyo maana nimeona nisikae kimya.

Nieleze kisa kimoja. Wahusika siwataji, na baadhi ya mambo nimeyageuza wasitambulike.

Ni kampuni ya kupandisha wageni mlimani na kuwapeleka mbugani. Dada mtu yuko nje ya nchi. Yeye ndiye aliyetuma pesa za magari mawili ya safari, kodi ya ofisi na ada za leseni. Usajili ulifanywa haraka msimu usije ukapita: hisa 100, mdogo wake wa kiume akaandikwa 60, rafiki wa huyo mdogo tangu shuleni akaandikwa 40. Wote wawili wakawa wakurugenzi, maana sheria inataka wakurugenzi wasiopungua wawili. Dada hakuandikwa popote. Aliambiwa ataingizwa akija likizo.

Biashara ikashika. Baadaye mdogo mtu akasajili kampuni nyingine pamoja na mkewe. Wageni waliokuwa wakiandikia kampuni ya kwanza wakaanza kujibiwa na kampuni ya pili. Milango ya magari ikabanduliwa stika, ikabandikwa nyingine. Rafiki akiuliza mapato anaambiwa msimu mbaya, vumilia. Alipokaza akaletewa muhtasari wa kikao ambacho hakukijua, unaosema bodi imetoa hisa mpya 300 na zote amepewa mke wa mkurugenzi. Rafiki alikuwa na 40 katika 100. Sasa ana 40 katika 400.

Hapo wakasimama watu watatu, kila mmoja na kauli yake. Dada: kampuni ni yangu, pesa ni zangu. Rafiki: nimeibiwa. Mdogo mtu: mimi ndiye mkurugenzi mkuu na ndiye mwenye hisa nyingi, naendesha nitakavyo.

Wakuu, hakuna kati yao aliyekuwa amesimama pale alipodhani amesimama, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze hapa.

Tuanze na mali. Kampuni ikishasajiliwa ni mtu kivyake mbele ya sheria. Msingi huu tumeurithi kutoka Uingereza, katika kesi ya Salomon ya mwaka 1897, ya mtengeneza viatu aliyegeuza biashara yake kuwa kampuni, yeye na familia yake wakiwa ndio wanahisa. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likasema kampuni ni mwingine na Salomon ni mwingine, hata kama hisa karibu zote ni zake. Kwa hiyo yale magari yaliyosajiliwa kwa jina la kampuni si ya dada, si ya mdogo mtu wala si ya rafiki. Ni ya kampuni. Mwanahisa anamiliki hisa: ana kura, ana haki ya gawio (sehemu ya faida) likitangazwa, na ana sehemu yake katika kitakachobaki kampuni ikifungwa na madeni yakishalipwa. Hawezi kuondoka na gari kwa sababu ana asilimia 60.

Halafu mwanahisa ni nani? Ni aliyekubali kuwa mwanachama na jina lake likaingizwa kwenye daftari la wanachama, ambalo kila kampuni inatakiwa kulitunza. Cheti cha hisa ni ushahidi mzuri, na taarifa za BRELA, wakala anayesajili makampuni, ni ushahidi mzuri. Pesa peke yake haimfanyi mtu mwanahisa. Inaweza kuwa mkopo, inaweza kuwa zawadi, inaweza kuwa mtaji uliopaswa kuandikwa na haukuandikwa. Ipi kati ya hizo? Hapo ndipo ushahidi unapohitajika.

Na mkurugenzi? Mkurugenzi amekabidhiwa kitu cha mwingine akiendeshe. Hata kama hisa nyingi ni zake, anapokaa kwenye kiti cha ukurugenzi anaitumikia kampuni. Sheria ya Makampuni Na. 12 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika 1 Machi 2006, inamtaka kwenye kifungu cha 182 atende kwa nia njema na kwa maslahi ya kampuni. (Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria hiyo ilivyotungwa.) Neno ni kampuni. Halikusemwa familia yake, wala yeye mwenyewe.

Nakaribisha maswali. Mawakili mliomo humu msikae kimya.

#2 Mdau (Moshi, Majengo)

Asante kwa uzi, mkuu. Mengi nakubali ila kwa dada napinga. Mtu amebeba boksi huko ughaibuni, ametuma hela, leo unamwambia hana kitu kwa sababu jina halipo kwenye daftari? Hiyo ni haki kweli?

#3 Mleta uzi

Mkuu, sijasema hana kitu. Nimesema si mwanahisa kwa sasa. Hayo ni mambo mawili na tofauti yake ndiyo itakayomwokoa.

Daftari la wanachama haliandiki kwamba fulani anamshikia fulani. Linasoma jina lililopo, basi. Ila nyuma ya jina hilo mtu anaweza kuwa anashika hisa kwa niaba ya mwingine, na mahakama inaweza kulitambua hilo ikithibitishwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 kampuni zinatakiwa pia kutunza na kuwasilisha kwa Msajili taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika au wanaoamua nyuma ya majina yaliyoandikwa. Kwa hiyo mchezo wa kumweka mtu jina tu, ukweli ukae moyoni, umebanwa sana. Walioandikwa wakijaza pale kwamba mnufaika ni wao wenyewe, dada amepata kikwazo kingine.

Mahakama Kuu pia ina uwezo wa kuamuru daftari lirekebishwe pale jina la mtu lilipoachwa au lilipoingizwa bila sababu ya kutosha. Lakini utaulizwa: mlikubaliana nini, lini, hisa ngapi, kwa bei gani? Risiti za benki zinaonyesha pesa ilitoka. Hazionyeshi ilitoka kwa ajili gani. Ujumbe wa simu unaosema "dada zile hisa thelathini zako zipo" una thamani kubwa kuliko rundo la risiti zisizo na maelezo. Nawasihi msifute ujumbe wa namna hiyo hata simu ikijaa.

Na mjihadhari na ahadi isiyokamilika. Kuna kesi ya Uingereza, O'Neill dhidi ya Phillips, ya mwaka 1999. Phillips alikuwa na kampuni ya kuondoa asbesto kwenye majengo. O'Neill aliajiriwa kama mfanyakazi wa mikono, akaonekana hodari, akapewa asilimia 25 ya hisa na ukurugenzi, kisha akaachiwa kuiendesha kampuni huku wakigawana faida nusu kwa nusu. Wakazungumza habari za kumfikisha kwenye asilimia 50 ya hisa. Walizungumza, hawakuhitimisha. Biashara ilipoyumba Phillips akarudi kuiendesha mwenyewe na akasitisha ule mgao wa nusu. O'Neill akaenda mahakamani akisema ametendewa isivyo haki. Baraza la Malodi likamkatalia: hizo asilimia 50 hazikuwa zimeahidiwa kwa makubaliano yaliyokamilika. Alikuwa na matumaini, na matumaini hayakutosha.

Mkuu, nikisoma kesi ile nawaona watu wengi wa hapa mjini. Mtu ameendesha duka la mwenzake tangu ujana wake, anaambiwa kila mwaka "wewe ni mwenzangu humu", na hana hata hisa moja.

#4 Mdau (Arusha, Ngarenaro)

Mangi unaongea vizuri ila mbona unamkandamiza mkurugenzi? Mimi naendesha kampuni, nina asilimia 60 kama huyo jamaa. Mwenzangu anakuja ofisini mara moja kwa mwezi kuuliza hela. Nikifungua kampuni yangu nyingine nitafute riziki kosa liko wapi? Na si sheria yenyewe inasema wengi wape?

#5 Mleta uzi

Kaka, nakujibu kwa heshima, maana swali lako ndilo lililozaa kesi nyingi.

Mwenye asilimia 60 anaweza mengi, na kwa haki. Anapitisha azimio la kawaida, lile linalohitaji zaidi ya nusu ya kura. Anaweza hata kumwondoa mkurugenzi kwa kifungu cha 193, kwa notisi maalumu na kwa kumpa nafasi ya kujitetea. Kufungua kampuni nyingine si kosa lenyewe. Wapo watu hapa Arusha wenye kampuni ya utalii, ya mbao na ya usafirishaji, na wanaziendesha bila tatizo. Kosa linaanza pale kampuni ya pili inapokula cha kampuni ya kwanza.

Ipo kesi ya Cook dhidi ya Deeks, ya mwaka 1916. Ilitoka Kanada ikafika Baraza la Faragha, London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni. Kampuni ya ujenzi ya Toronto ilikuwa na wakurugenzi wanne, kila mmoja na robo ya hisa. Watatu wakachoka na wa nne. Ulipotokea mkataba mpya wa reli kutoka kwa mteja yuleyule waliyekuwa wakimfanyia kazi kama kampuni, wakaujadili hadi mwisho kisha wakausaini kwa majina yao. Halafu wakaitisha mkutano wa wanahisa na kwa robo tatu ya kura wakatangaza kwamba kampuni haina haja na mkataba ule. Wengi wape, kama unavyosema. Mahakama ikasema mkataba ni mali ya kampuni, na wengi hawawezi kutumia kura zao kujigawia mali ya kampuni. Sasa weka wageni wa Kilimanjaro mahali pa mkataba wa reli. Mgeni aliyeandika kwenye anwani ya kampuni ya kwanza, akavutiwa na jina na sifa za kampuni ya kwanza, ukamjibu kwa kampuni ya mkeo. Ni kesi ileile, kaka.

Na ukiwa na maslahi katika mkataba wowote ambao kampuni inaingia, kifungu cha 209 kinakutaka uyatangaze mbele ya wakurugenzi wenzako. Kampuni ikikodi gari la shemeji yako, sema. Ikinunua mahema kwenye duka la mkeo, sema, na iandikwe kwenye muhtasari. Kukaa kimya ndiko kunakoharibu.

Hizo hisa 300 ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu watu wengi hawaelewi hesabu yake. Rafiki akiwa na asilimia 40, hakuna azimio maalumu linaloweza kupita bila yeye, maana azimio la namna hiyo linahitaji robo tatu ya kura. Bila yeye huwezi kubadilisha katiba ya kampuni. Ukimshusha hadi asilimia 10 umemnyang'anya kufuli hiyo bila kugusa hisa yake hata moja. Cheti chake bado kinasomeka 40. Ndiyo ubaya wa jambo lenyewe: mtu anaporwa huku ameshika karatasi yake mkononi.

Kutoa hisa mpya ni mamlaka ya kutafuta mtaji. Katika kesi ya Howard Smith dhidi ya Ampol, iliyotoka Australia mwaka 1974, wakurugenzi walitoa hisa mpya, na kampuni ilihitaji mtaji kweli. Mahakama ikatazama kusudi kubwa lilikuwa lipi, ikaona lilikuwa kuwapunguzia nguvu wanahisa waliokuwa wengi. Hisa zikabatilishwa. Huko mtaji ulihitajika na bado zikabatilishwa. Huku kwetu mke wa mkurugenzi hakuingiza hata shilingi benki.

Mwenzako anayekuja mara moja kwa mwezi kuuliza hela, mpe hesabu. Kama kazi yote unaifanya wewe, lipwa mshahara wa mkurugenzi uliopitishwa na kuandikwa. Hiyo ni halali kabisa. Ukijilipa kwa kuchota kwenye droo umegeuza haki yako kuwa kosa.

#6 Mdau (Arusha)

Daah, hiyo ya hisa 300 imenigusa. Nafuatilia kwa karibu.

#7 Mdau (Moshi, Kiboriloni)

Habari zenu wanangu. Mimi ni mama mjane. Marehemu mume wangu walikuwa watatu kwenye kampuni ya malori. Alipofariki wenzake walikuja msibani, wakatusaidia sana, siwezi kusema uongo. Lakini sasa nikiuliza sehemu ya mume wangu wananiambia hisa za marehemu zinarudi kwa waliobaki. Na upande wa pili shemeji zangu wanataka lori moja liuzwe maana ni la kaka yao. Nifanyeje?

#8 Mleta uzi

Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba, na Mungu akutie nguvu.

Hisa za marehemu hazirudi kwa waliobaki kwa sababu tu amefariki. Ni mali yake, na zinaingia kwenye mirathi kama shamba au akaunti ya benki. Hivyo hatua ya kwanza, kama bado, ni kufungua mirathi mahakamani ili ateuliwe msimamizi. Msimamizi anapeleka barua zake za usimamizi kwa kampuni, na kampuni inatakiwa kumtambua. Yeye anaweza kuomba aandikwe mwenyewe kwenye daftari, au hisa zihamishiwe kwa warithi.

Ila mama, tafuta katiba ya kampuni, ile wanayoiita memati, uisome na wakili. Kampuni nyingi binafsi zimeandika kwamba hisa zikitaka kuhama wanahisa waliopo wapewe kwanza nafasi ya kuzinunua. Huenda wenzake marehemu wanachanganya na hilo. Kununua ni kununua: kuna bei, kuna thamani inayokokotolewa, na pesa inaingia kwenye mirathi. Si kurudishiwa bure.

Na shemeji zako, kwa heshima yao, kuhusu lori hawana haki. Lori ni la kampuni. Kilichomo kwenye mirathi ni hisa. Hili linakosewa sana. Nimeona orodha za mali za marehemu zikitaja malori na viwanja vilivyosajiliwa kwa jina la kampuni, watoto wanagawiwa, kisha benki iliyokopesha kampuni inakuja na hati zake na familia inaanza kulia upya. Orodha iandikwe idadi ya hisa na jina la kampuni. Kama marehemu aliikopesha kampuni pesa zake, deni hilo nalo liandikwe, maana ni mali pia.

Mkikataliwa kuandikwa bila sababu, au mkiona mambo yanaendeshwa kuwaumiza, kifungu cha 233, cha mwanachama anayetendewa isivyo haki, hakiwaachi nje watu ambao hisa zimewafikia kwa nguvu ya sheria hata kama bado hawajaingizwa kwenye daftari.

#9 Mdau, wakili (Arusha)

Mleta uzi hongera. Naongeza kidogo kuhusu milango ya mahakama, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa na muda.

Jiulize kwanza: aliyeumizwa ni nani? Wageni wamehamishwa, magari yametumika bila malipo, pesa imechotwa kwenye akaunti: aliyeumizwa ni kampuni, na mwenye haki ya kushtaki ni kampuni. Kanuni hii ni ya zamani, kesi ya Foss dhidi ya Harbottle ya mwaka 1843. Mwanahisa hawezi kwenda kwa jina lake kudai kilichoibwa kwa kampuni. Tatizo ni kwamba anayepaswa kuamua kampuni ishtaki ndiye aliyechukua. Kwa hiyo kifungu cha 234 kinamruhusu mwanahisa kuomba kibali cha Mahakama Kuu ashtaki kwa niaba ya kampuni. Atatakiwa aonyeshe kwamba aliwapa wakurugenzi taarifa ya kutosha ya kusudio lake, ana nia njema, na shauri ni kwa maslahi ya kampuni. Ile barua ya taarifa iandikwe mapema na ipokelewe kwa saini.

Lakini kupunguzwa hisa, kufichwa hesabu, kutoitwa mikutanoni, hayo yanamuumiza mwanahisa mwenyewe. Hapo mlango ni kifungu cha 233, maombi ya mwanachama anayetendewa isivyo haki. Mahakama ina uwezo mpana: kusimamia mwenendo wa kampuni, kuzuia jambo, kuamuru jambo lililoachwa lifanyike, kuruhusu shauri lifunguliwe kwa jina la kampuni, na kuamuru hisa za mmoja zinunuliwe na wengine au na kampuni. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo linalomaliza ugomvi.

Kosa ninaloliona sana ni mkurugenzi mmoja kuamka asubuhi na kufungua kesi kwa jina la kampuni dhidi ya mkurugenzi mwenzake. Mahakama ya Rufani iliyazungumzia haya katika shauri la Simba Papers Converters: mgogoro ukiwa wa ndani, kampuni na wanahisa au wakurugenzi wake, azimio la bodi linahitajika. Bila hilo kesi inaweza kutupwa kabla haijasikilizwa, na umeshalipa mawakili. Mahakama Kuu ina masjala Moshi na Arusha, na Divisheni ya Biashara ina masjala yake Arusha. Hakuna haja ya kukimbilia Dar.

#10 Mdau (Arusha, Mbauda)

Wakili na mleta uzi, nisaidieni. Sisi ni wawili, duka la vifaa vya ujenzi, hisa nusu kwa nusu. Tulidhani ndiyo haki kabisa. Sasa hatuelewani hata kuagiza bati. Yeye hasaini hundi, mimi sisaini. Nani anashinda?

#11 Mleta uzi

Hakuna anayeshinda, ndugu yangu. Nusu kwa nusu haitoi azimio la kawaida, labda kama katiba yenu inampa mwenyekiti kura ya uamuzi. Angalia hapo kwanza.

Huku kwetu watu wamelelewa na ushirika. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu mwaka 1933, na kwenye ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na kahawa nyingi au kidogo. Tunaingia kwenye kampuni na mazoea hayo, tunadhani wawili wakiwa sawa watalazimika kuelewana. Kampuni inahesabu hisa, na ikikuta 50 kwa 50 inakwama pale ilipo.

Soma habari za Ebrahimi na Nazar. Walikuwa wauza mazulia London, washirika tangu mwaka 1945. Mwaka 1958 wakaigeuza biashara kuwa kampuni, hisa sawa kwa sawa. Baadaye kila mmoja akatoa hisa 100 kumpa George, mtoto wa Nazar, zikawa 400, 400 na 200. Hawakuwa wakigawana gawio. Faida yote ilitoka kama malipo ya wakurugenzi. Mwaka 1969 baba na mtoto wakapiga kura na kumwondoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi. Ona kilichompata: hisa zake 400 bado anazo, ila hapati hata senti, na hawezi kuziuza bila ridhaa yao. Kila hatua waliyochukua ilikuwa halali kwa maandishi ya katiba. Hata hivyo Baraza la Malodi likaamua kampuni ifungwe kwa misingi ya haki na usawa, kwa sababu chini ya ile kampuni kulikuwa na ushirika wa watu walioaminiana na kukubaliana kwamba wote watashiriki kuiendesha.

Sheria yetu nayo inaipa mahakama uwezo wa kufunga kampuni kwa haki na usawa. Lakini kufunga maana yake bati zinauzwa kwa bei ya kutupa, wafanyakazi wanarudi nyumbani, wadai wanalipwa kwanza, na nyinyi mnagawana kilichobaki. Kabla ya kufika huko, kaeni na mhasibu asiye wa upande wowote athamini kampuni, mmoja amnunue mwenzake. Na wewe usiyetaka kusaini hundi, kumbuka bado ni mkurugenzi: mishahara ya vijana wa dukani na kodi ya TRA havisubiri nyinyi mpatane.

#12 Mdau (Moshi, Majengo)

Mkuu, tupe mrejesho. Yule dada na rafiki waliishia wapi?

#13 Mleta uzi

Rafiki alikuwa amekata tamaa, akidhani asilimia 10 haina kazi. Ina kazi. Mwenye angalau moja ya kumi ya mtaji uliolipiwa anaweza kuwadai wakurugenzi waitishe mkutano mkuu wa dharura, na wasipouitisha ndani ya siku 21 waliouomba wanaweza kuuitisha wenyewe. Aliandika barua, akaipeleka ofisini, akapewa nakala yenye muhuri. Akafanya upekuzi BRELA, akapata taarifa zote zilizowasilishwa, na humo tukakuta muhtasari wa "kikao" una saini inayodaiwa kuwa yake, siku ambayo yeye alikuwa mlimani na wageni na jina lake limo kwenye kumbukumbu za geti. Wakili wake akafungua maombi chini ya 233 na kuomba zuio ili magari yasiuzwe.

Mdogo mtu alipoona ushahidi wa geti, akakubali kuzungumza. Makubaliano yakaandikwa na kusajiliwa mahakamani: hisa 300 ziondolewe kwenye daftari, magari na anwani za barua pepe zirudi, na hisa za rafiki zinunuliwe kwa thamani ya asilimia 40, mhasibu akijumlisha na mapato ya wageni waliohamishwa. Rafiki hakutaka kubaki. Nilimwelewa.

Dada ilikuwa ngumu zaidi. Ujumbe wa simu ulionyesha wazi pesa za magari zilikuwa mtaji, ila za kodi ya ofisi alikuwa ameandika mwenyewe "nitawakopesha". Basi za kodi zikaingizwa vitabuni kama deni la kampuni kwake. Kwa zile za magari mdogo wake akamhamishia sehemu ya hisa, kwa hati ya kuhamisha hisa, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ukalipwa, TRA wakapitia kama kuna kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ndipo BRELA wakapokea mabadiliko. Sasa yumo kwenye daftari, ni mkurugenzi, na wamiliki manufaa wameandikwa upya.

Mama wa Kiboriloni, nimekuona umeuliza tena kwa faragha utaanzia wapi. Anza na upekuzi wa BRELA ujue marehemu aliandikwa hisa ngapi na kama kuna mabadiliko yoyote yaliyowasilishwa baada ya kifo chake. Uende nao kwa wakili kabla hujakaa tena na wenzake marehemu, na usisaini chochote watakacholeta nyumbani.